Vijana wa stendi walivyotuletea yule binti

Mwaka 2015 nilikuwa najitolea kwenye kituo kimoja cha vijana wanaolala nje, maeneo ya Mkuyuni, Mwanza. Kilikuwa cha mchana tu. Wanaingia saa mbili asubuhi, wanakunywa uji, wanaoga, wanafua, wanacheza drafti au wanajilalia tu kwenye mkeka maana usiku kucha wamekimbizana na mvua na walinzi wa maduka, saa kumi jioni geti linafungwa kila mtu anajua pa kwenda. Kitu kimoja tu hakikuruhusiwa kabisa, gundi ya kunusa kuingia ndani. Mlinzi alikuwa na boksi getini, unaacha chupa yako, ukitoka unaichukua. Majirani walikuwa wanatusema sana eti mnawarudishiaje watoto gundi, sawa, lakini ukimnyang'anya leo kesho haji, na asipokuja hata kile kidonda cha mguuni nani atakiosha?

Shida yetu wasichana hawakuwa wanakuja. Sio kwamba hawapo. Msichana akishinda stendi siku mbili tu kashachukuliwa na mtu, ama baa, ama nyumba ya mtu akaoshe vyombo kwa chakula, kwa hiyo barabarani humuoni. Halafu na sisi wenyewe, uwanja mzima wavulana wanafua wamebaki na chupi, binti gani ataingia pale?

Basi mwezi wa nne hivi, masika imekolea, nimeshafunga daftari la mahudhurio nasikia geti linagongwa. Nafungua nakuta vijana wanne wa stendi ya mabasi ya Nyegezi wamelowa chapachapa na binti katikati yao. Wametembea kwa miguu kutoka stendi, konda gani wa daladala angewapakia wale. Mkubwa wao, kijana wa miaka kama 16 hivi ambaye kila wiki nilikuwa nagombana naye kwa kuondoka na vipande vya sabuni, akasema, "Dada, huyu sio wa mtaani. Akilala stendi leo kaisha."

Binti alikuwa na miaka 15, ana mfuko wa rambo na kandambili mbili zisizofanana. Kwao ni kijijini huko Biharamulo. Shangazi yake alikuja kumchukua afanye kazi za ndani Mwanza, wakakubaliana 30,000 kwa mwezi, pesa apewe shangazi ndio aitume kwa mama. Miezi kumi hajashika hata shilingi. Siku hiyo kaunguza maharage, kapigwa na mwiko akatolewa nje, akaenda Nyegezi kwa sababu ndiko aliposhukia siku anakuja na ndiko mabasi ya kwao yanakopita. Nauli hana.

Sasa alale wapi? Kituo chetu hakikuwa na leseni ya kulaza mtoto, makao ya watoto yanapewa leseni na Kamishna wa Ustawi wa Jamii na ukilaza bila hiyo umejitafutia kesi. Nikataja dawati la jinsia pale polisi, binti akanyanyua mfuko wake kabisa anataka kuondoka, na wale wavulana nao wakaanza kurudi nyumanyuma. Nikapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, wakaniunganisha na afisa ustawi. Mama mmoja ana sauti ya usingizi lakini anajua kazi yake. Akasema tafuta mtu wa kuaminika, mwanamke, mwenyekiti wa mtaa amfahamu na aandike barua, kesho asubuhi mniletee mtoto ofisini.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama ntilie anauza ugali kwa sato, na mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, kwa wasio na hela. Namweleza huku anafunga masufuria, hakuniacha hata nimalize. "Mwanangu, nina chumba kimoja na watoto watatu, wa nne nani atamuona?" Mwenyekiti tukamkuta kwenye bao, akataka amalize mchezo kwanza, kisha barua akaandika vizuri tu ila muhuri uko nyumbani, tukaufuata na mvua yote ile.

Wale vijana hawakuondoka. Wametufuata mpaka mlangoni kwa mama ntilie, na yule mkubwa wao akamuuliza, bila hata shikamoo, "Mama, mumeo analala hapa?"

Mama wa watu akashtuka. "Unasemaje?"

"Nauliza mumeo."

"Alishafariki, baba. Siku nyingi."

"Basi sawa. Dada, sisi tunasepa." Nilisimama pale kama mjinga, maana barua nilikuwa nayo, muhuri ninao, na hilo swali mimi sikuwa nimeliuliza, wala afisa.

Kesho yake bosi wa yule binti akaitwa, akaja amevimba anadai binti ni mwizi wa vijiko. Yule afisa hata hakubishana naye, alivuta karatasi akaanza kuandika. Kima cha chini cha 2013 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa bosi kilikuwa 40,000 kwa mwezi, mara miezi kumi, 400,000. Bosi akasema pesa alikuwa anampa shangazi. Shangazi kupigiwa, simu imezimwa, na ikaendelea kuzimwa. Walivutana pale karibu siku nzima mwisho akatoa 250,000 kwa awamu mbili, sijafurahia mpaka leo ila afisa aliniambia wengi hawapati hata hiyo.

Tukampeleka kwao kwa basi, kivuko cha Busisi tukakaa foleni mpaka nikasinzia. Mama yake alikuwa amepokea 20,000 mara moja tu tangu mtoto aondoke. Na alikuwa ameambiwa binti anasomea cherehani.

Tuliporudi tukabishana wiki nzima na uongozi mpaka Jumatano ikawa siku ya wasichana peke yao, wavulana hawaingii. Walilalamika hao! Lakini mabinti wa mwanzo kuja waliletwa na walewale wa Nyegezi, wanawasindikiza mpaka getini, wao wanabaki nje wanapiga kelele uji wao upitishiwe juu ya ukuta.