Mito yangu imevaa vikoi

Hatimaye makochi yangu yamepata mito ya vikoi, na furaha niliyo nayo siifichi! Vikoi nilivinunua Mtaa wa Biashara, vilivyofumwa kwa mkono. Mzee muuzaji alinifunza kuvitambua: "Geuza upande wa pili, mwanangu." Mistari ilikuwa imekolea vilevile, maana nyuzi hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kitambaa kilichopigwa chapa, nyuma huwa kimefifia.

Matamvua nayo si urembo wa kushonewa. Ni ncha za nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zinazobaki kitambaa kikitolewa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kisha zikasokotwa. Ndiyo maana nilimsihi fundi cherehani asiyakate, ayaache yaning'inie pembeni mwa mito. Yeye akanihimiza nivifue vikoi kabla hajashona, kwani pamba hunywea. Na kwa joto letu hili, pamba haina mpinzani. Ukiegemea hugandi kwa jasho kama kwenye ngozi bandia.

Watu wa pwani hii wamefuma tangu kale. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipopita Mogadishu mwaka 1331 alizisifu nguo za huko, zilizosafirishwa hadi Misri. Kilwa wachimbuaji wamepata vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba. Nikiwaza hayo, nasikia fahari kweli.

Sasa nataka pazia la mlangoni, buluu na nyeupe. Anayemjua mfumi hapa Pwani aniandikie, tafadhali.