Usiku wa Kuamkia Jumanne

Shangazi yangu alifanya kazi ya kusoma prufu, yaani kusahihisha maandishi kabla hayajachapwa, mpaka akastaafu, ila macho yake hayakustaafu naye. Kadi ya mwaliko ikimfikia huisoma mara mbili: kwanza ajue ni shughuli ya nani, halafu ajue ni nani aliyeiharibu. Kwa hiyo alipopata viza ya kwenda Ugiriki kumwona binti yake, naye hajawahi kupanda ndege, na ukoo mzima ukaanza kummiminia ushauri kwenye kundi la familia, nilijua mambo hayataishia kwenye shukrani. Ushauri wote aliunakili kwenye daftari kwa mkono wake, na makosa yake kama yalivyo, kisha Jumapili mchana akanipigia simu.

"Njoo na kalamu nyekundu, mwanangu. Yangu imeishia kwa baba yako mkubwa."

Nilimkuta mezani, miwani puani, daftari wazi mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimesafiri kidogo kuwazidi wengine, tukapatana hivi: yeye ahukumu alama, mimi nihukumu ushauri wenyewe. Mapatano hayo hayakufika ukurasa wa pili.

Chukua ujumbe wa baba mkubwa. "PASIPOTI!!! USIMPE MTU YEYOTE!!! HATA AWE ASKARI!!!" Herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, na alama za mshangao zimesimama kama ua wa miti. "Huyu," shangazi akauliza, "amewahi kusafiri wapi?" Jibu tulilijua sote wawili. Afisa uhamiaji lazima aishike pasipoti na kuipekua. Abiria akiing'ang'ania mbele ya lile dirisha, safari imeishia hapo. Kaka yetu mmoja aliyekuwa baharia, yeye aliandika hivi: "Dawa weka begi la mkononi, kwenye pakiti zake. Cheti cha daktari pia. Betri ya akiba ya simu isiende kwenye begi kubwa. Mengine madogo." Nukta, nukta, nukta. Na kila alichosema kina sababu. Begi kubwa likichelewa, dawa hazichelewi nalo. Betri ya lithiamu ikishika moto karibu na abiria, wahudumu wataiwahi. Ikishika moto kwenye shehena chini ya ndege, hakuna mtu wa kuifikia.

Nikasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba alama za mshangao hupungua kadiri mtu anavyosafiri. Shangazi akakataa. "Baba yako mkubwa hata akiizunguka dunia ataandika hivi hivi. Anayeondoka ni mdogo wake." Akazifuta zote, akaacha moja. Ushauri wenyewe mimi niliukata wote, lakini ile alama moja hakuniruhusu niiguse.

Kilichomkera kuliko alama ni vitenzi. Karibu kila mstari ulianza na usi-: usisinzie, usizungumze na usiowajua, usikubali kubebewa mzigo, usiinuke mkanda ukiwa umefungwa (huo wa mwisho sijui hata ungewezekanaje). Mtu akisoma kurasa tatu za usi- atashangaa kwa nini alikata tiketi. Lakini alipofika kwa mtoto mmoja wa dada yake, kalamu aliiweka chini kabisa. Kijana alikuwa ameandika: "Utakapopotea uliza polisi."

"Utakapopotea! Kwa hiyo limeshapangwa, bado saa tu."

Akakata -takapo-, akatia -ki-. Ukipotea. Akaitazama kidogo, akaongeza neno mbele: hata ukipotea. Mimi nikambadilishia polisi nikaweka mfanyakazi yeyote wa uwanja mwenye sare, maana ndiye aliye karibu na ndiye anayejua mlango wako uko wapi. Sentensi ikawa nyingine kabisa. Ile ya kwanza ilikuwa utabiri. Hii unaweza kutembea nayo mfukoni.

Halafu kulikuwa na binamu asiyejua alama ya kuuliza. "Umeshalipia bima." "Tiketi umeichapa." "Begi umelipima." Katika Kiswahili swali la namna hii halibadilishi mpangilio wa maneno hata kidogo, kazi yote inafanywa na sauti, na kwenye karatasi sauti haipo, kuna kile kiulizi tu. Shangazi hakuwa amemjibu hata moja. "Nilidhani ananipongeza," akasema.

Nikamweleza kwamba Wahispania huweka alama hiyo pande zote mbili, ya mwanzoni ikiwa imegeuzwa kichwa chini, miguu juu, na kwamba akademia yao ya lugha iliipendekeza mwaka 1754 ili msomaji wa sentensi ndefu asifike mwisho ndipo agundue alikuwa akiulizwa. Nilitarajia afurahi. Akasema sisi tuna "je", ukiitanguliza msomaji keshajiandaa, tena haihitaji kusimama kwa kichwa. Tatizo, akasema, watu wameiachia mitihani.

Begi lilikuwa halijapimwa. Tuliinuka tukalipima kwa mizani ya bafuni: mtu anapanda nalo, anapanda bila nalo, anatoa. Namba sikuruhusiwa kuzisoma, nililetewa jibu tu.

Mkato mmoja ulituchukua muda. Shemeji aliandika: "Ukifika usiku usitembee peke yako ukiwa na mizigo mingi chukua teksi." Isome. Je, asitembee peke yake akiwa na mizigo mingi, bali achukue teksi? Au asitembee peke yake kabisa, ila teksi ni kwa wenye mizigo mingi tu? Mkato ukikaa baada ya "mingi" ni safari moja, ukikaa baada ya "yako" ni nyingine, na mwenye begi moja dogo usiku wa manane hajui yuko upande gani. Shangazi alitaka tumpigie shemeji aseme alikusudia nini. Mimi nilitaka tuandike upya: binti yako atakusubiri nje ya mlango wa kutokea, usiondoke bila yeye. Tukaandika upya. Yeye alinung'unika, kwa sababu kwa msomaji prufu kuandika upya ni kukiri umeshindwa kusahihisha.

Cheti cha bima nacho kilimtia wasiwasi. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na cheti chake kilisomeka 30.000. Nukta mahali pa mkato. Yeye alisoma euro thelathini, halafu sifuri tatu za mapambo, akaamini ametapeliwa. Ndivyo waandikavyo Wagiriki, Wajerumani na wengine wengi huko: nukta hutenga maelfu, mkato hutenga sehemu za kumi. Akainakili namba kwenye daftari kwa mtindo wetu, na chini yake kwa mtindo wao, kisha akachora mstari kati yake kama mtu anayetenganisha wagombanao.

Sasa ule ujumbe wa dereva. Kijana wa kumpeleka uwanjani, mtoto wa kaka yake mwingine, alikuwa ameandika vizuri kuliko wote: "Nitakufuata Jumanne saa mbili usiku shangazi." Shangazi alitia mkato kabla ya "shangazi", kwa kuwa mtu akiitwa lazima atengwe, akafunua ukurasa. Mimi ndipo nilipoichukua tiketi niitazame. Jumanne, 00:40.

"Shangazi, ndege yako ni Jumanne saa sita na dakika arobaini usiku."

"Najua. Ndiyo maana kijana anakuja kesho saa mbili."

"Kesho ni Jumatatu. Ameandika Jumanne."

"Ameandika Jumanne usiku. Usiku wa Jumanne ni upi? Si kesho jua likizama?"

Na kwa hesabu ya wazee alikuwa sawa. Siku kwao huanza magharibi. Usiku hutangulia, mchana wake hufuata. Usiku wa Ijumaa ni ule unaopambazuka Ijumaa. Tiketi nayo, ingawa yenyewe inaanza kuhesabu saa sita ya usiku, ilikubaliana na shangazi. Aliyebaki peke yake ni kijana, ambaye hahesabu kwa jua wala kwa saa, anahesabu kwa usingizi: usiku kwake ni mkia wa siku aliyoamka nayo, na siku haijaisha mpaka alale. Maneno yalikuwa yale yale. Mmoja aliyaandika, mwingine aliyasoma na hata kuyatia mkato, kila mtu akaridhika, na kumbe walikuwa wamepishana siku nzima.

Nikampigia. "Kesho usiku?" akasema. "Kesho niko zamu." Jumanne saa mbili usiku angefika mlangoni akiwa msafi, tangi limejaa, na ndege ingekuwa imeondoka zaidi ya saa 19 kabla yake. Alibadilishana zamu na mwenzake, japo si bila kulalamika kwamba watu wa zamani wanachanganya mambo.

Shangazi alifuta ujumbe wote na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: usiku wa kuamkia Jumanne. Kila safari ya ndege inayoondoka baada ya saa sita usiku ingepaswa kuchapwa hivyo. Watu wengi sana, tena wasomi, huiona 00:40 na tarehe yake, wakajiandaa kwa usiku wa tarehe hiyo badala ya ule unaoitangulia. Tiketi haikudanganya, lakini haikusaidia. Maneno manne yetu yanaondoa ubishi wote: unajua utaamkia wapi.

Tulipitia na saa nyingine za tiketi kwa sababu hiyo hiyo. Ndege ya kuunganisha iliandikwa 06:15, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na ambayo mtu aliyechoka, akiwa kwenye benchi la uwanja wa kigeni, anaweza kuisoma saa sita na robo akajilaza tena. Nilimshauri afuate namba za kwenye ubao tu, asitafsiri. Hakukubali. Aliandika zote mbili, yao kulia, yetu kushoto.

Nilidhani tumemaliza, lakini alikuwa ameweka jambo la mwisho kiporo makusudi. Jina lake la mwisho lina ng'. Kwenye tiketi, ritifaa, kile kialama cha juu kinachoifuata ng, haikuwepo. Akafungua pasipoti: juu, jina liko kamili, chini, kwenye ile mistari miwili ya herufi za kusomwa na mashine, haipo vilevile.

"Wameninyang'anya ritifaa yangu," akasema, na hakuwa anatania.

Nikamwonyesha. Ile mistari ina nafasi 44 kila mmoja, na mashine inaruhusiwa kukutana na vitu vya aina tatu tu: herufi A hadi Z, tarakimu, na ile alama ya < ya kujazia mapengo. Kanuni za kimataifa zinasema ritifaa iachwe na herufi zishikane. Kistari cha kuunganisha majina mawili kinageuzwa kuwa <. Mradi jina la tiketi linafanana na lile la mistari ya chini, hakuna atakayemzuia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi huko nitakuwa mtu mwingine."

"Utakuwa wewe, shangazi, bila ritifaa."

"Bila ritifaa hilo si jina langu. Lisome." Nililisoma. Kweli halikuwa jina lake, lilikuwa kitu kisichokuwa na maana yoyote. Hilo sikuwa na ushauri nalo. Alichofanya ni kuandika jina kamili, na ritifaa yake imekolezwa, kwenye lebo ya begi, ambako hakuna mashine ya kumpinga.

Akaondoka usiku ule wa kuamkia Jumanne. Daftari lilikwenda naye likiwa limepungua kutoka kurasa nyingi hadi moja na nusu. Ushauri wa baharia ulibaki kama ulivyo, wa baba mkubwa ulibaki alama moja ya mshangao pembeni, bila maneno. Baba mkubwa alipoulizia kama ujumbe wake umezingatiwa, nilimwambia sehemu yake umezingatiwa.

Siku chache baadaye shangazi alinitumia picha ya tangazo kwenye kituo cha basi huko Thessaloniki. Alikuwa amezungushia duara alama ya mwisho. "Sentensi inaishia kwenye nukta mkato," aliandika. "Nimesimama nasubiri iendelee, binti yangu ananiambia ni swali." Nikamjibu kwamba Wagiriki huulizia kwa alama hiyo, na kwamba asiwadharau upesi, kwa sababu Aristofane wa Bizanti, mkutubi wa Aleksandria yapata mwaka 200 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kuwa aliwawekea wasomaji vitone vya kupumzikia: chini, katikati na juu, kila kimoja na urefu wake wa pumzi.

Akakaa kimya kidogo. Halafu:

"Na wao wakiitaka nukta mkato yenyewe, wanaweka nini?"

Nikamwambia wanaweka kitone kimoja kilichoinuliwa juu ya mstari.

"Wamejitahidi," akajibu, na nukta akaiweka.