Mfuko wa Sista

Juzi usiku binti yangu alikuwa sebuleni, simu mkononi, anahangaika kuingiza kazi zake kwenye PEPMIS, mfumo wa Serikali wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi. Mkuu wake wa shule alishatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba asiyejaza atajieleza kwa maandishi, na huku kwetu Nkuhungu, Dodoma, mtandao ulikuwa unazunguka tu. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, wewe umekaa utumishi miaka yote ile. Hivi mtu akijaza haya mambo, kazi yenyewe inakwenda vizuri zaidi?"

Nikamwambia ajaze akalale. Mimi usingizi haukuja, nilikuwa nimeshamkumbuka Sista, nesi mmoja wa zahanati ya kijijini.

Ilikuwa Julai 2013, msimu ule wa upepo wa baridi unaopasua midomo. Nilikuwa bado mgeni kwenye ile halmashauri, nimetumwa vijijini kukusanya fomu za OPRAS, zile za kupima utendaji wa mtumishi kabla ya PEPMIS. Mfumo ule serikalini ulianza 2004: Julai mtumishi na msimamizi wake walikuwa wanakubaliana malengo, Desemba wanatazama wamefika wapi, Juni wanapeana alama, 1 ikiwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Mpaka leo hakuna aliyenieleza nikaelewa ubaya wa mtu kukaa na bosi wake wakakubaliana kazi. Ila fomu nyingi nilizopokea zilikuwa zimejazwa zote siku moja mwezi wa Juni, malengo na alama pamoja, kwa kalamu ile ile.

Zahanati yenyewe ilikuwa ng'ambo ya korongo la mchanga. Dereva alikataa kuvuka, nikavua viatu nikatembea. Nilimkuta Sista na mhudumu mmoja basi. Mganga mfawidhi alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo Sista ndiye aliyekuwa anakaimu, bila hata barua ya kukaimu. Fomu yake ilikuwa tayari, malengo kayaandika kwa mwandiko mzuri. Mahali pa sahihi ya msimamizi palikuwa wazi.

"Nani anisainie, mdogo wangu?" akaniuliza. "Nijisainie mwenyewe?"

Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ndiye utumishi?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi subiri hapo."

Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari, na kwenye msumari mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Akaufungua taratibu kwa kucha ili usichanike, akaanza kupanga barua juu ya kitanda cha kupimia wajawazito, moja moja, kwa tarehe. Barua ya ajira ya 2006. Barua ya kuomba kuthibitishwa kazini, maana miezi 12 ya majaribio ilikuwa imekwisha. Barua ya kukumbushia. Barua ya kukumbushia ile ya kukumbushia. Madai ya nauli ya likizo, ambayo mtumishi anastahili kila baada ya miaka miwili. Maombi ya kuhamia Singida aliko mume wake na watoto. Kila nakala ilikuwa na muhuri wa masijala yetu, IMEPOKELEWA, na tarehe, na sahihi ya mtu. Muhuri ule niliufahamu, ulikuwa unakaa meza ya pili kutoka kwangu.

Nyuma ya pazia mama mmoja alikuwa na uchungu. Kila baada ya muda Sista ananiambia "samahani," anaingia, namsikia akimbembeleza kwa Kigogo, anatoka, ananawa mikono, anajaza karatasi iliyokuwa ukutani, halafu anarudi kwenye barua pale pale alipoishia. Nikaisogelea ile karatasi. Ilikuwa patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mzazi. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia imefunguka kiasi gani kila saa nne, mstari unapanda, hakuna kisanduku kilichorukwa. Nikasimama pale katikati, upande mmoja patografu, upande mwingine barua za miaka saba. Huyu mwanamke alikuwa hapitishi nusu saa bila kumwangalia mgonjwa wake. Faili lake yeye, tangu 2006, lilikuwa halijafunguliwa ila kwa kuongezewa karatasi.

Sikumwahidi kitu. Nilimwomba nakala, akanipa zote, akabaki na mfuko.

Yaliyofuata ni ya ofisini, niyapitishe haraka. Nilipeleka dokezo kwa mkuu wangu, likarudi, nikalipeleka tena. Akathibitishwa. Akapandishwa daraja, kwa sababu asiyethibitishwa hapandi hata angezalisha wilaya nzima. Nauli alilipwa sehemu. Mwaka 2015 uhamisho wa Singida ukakubaliwa, na dokezo la kuomba mtu wa kuziba nafasi yake lilikwenda siku hiyo hiyo. La uhamisho likajibiwa. Hilo jingine lilikuwa bado linasubiri Juni 2016, Serikali iliposimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Zahanati ikabaki na mhudumu, mtu mwenye moyo, lakini hakusomea kuzalisha.

Nilipita tena kijijini pale 2017. Mwenyekiti wa kijiji alinisalimia "mbukwenyi" kwa heshima zote, akanipa kiti chini ya mbuyu, ndipo akasema, "Afisa, ninyi ndio mliotuchukulia nesi wetu."

"Ilikuwa haki yake, mwenyekiti. Ana familia."

"Haki yake tunaijua, wala hatumlaumu. Na wake zetu wanaopakiwa bodaboda usiku kwenda kituo cha afya?"

Kabla ya hapo, kwenye vikao vya wilaya, zahanati ile ilikuwa inatajwa kwa mfano mzuri. Akina mama wanahudhuria, taarifa zinakuja kwa wakati, dawa zimeandikwa vizuri kwenye leja. Hakuna aliyewahi kusema kwamba uzuri wote ule ulitokana na mtu mmoja asiyeweza kuondoka, na kwamba hakuweza kuondoka kwa sababu ya uzembe wetu. Tulipomtendea haki, huduma ikaanguka. Nimelipindua jambo hili miaka mingi. Waliosomea menejimenti huniambia jibu ni rahisi, ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, ijazwe, kila kituo kiwe na watu wa kutosha. Kweli kabisa. Mwenyekiti naye aliniambia hivyo hivyo, na hakusomea. Lakini siku ile mezani kwangu hapakuwa na watu wa kutosha, palikuwa na faili moja la mama aliyewaacha watoto wake Singida wakiwa wadogo, na mimi nikalisukuma. Wangeniuliza leo kama ningelisukuma tena, ningesema ndiyo. Ila kumwambia hivyo yule mwenyekiti usoni, siku ile sikuweza.