Maji Yanapita Mpirani au Yamesimama?

Ukipiga maji ya ziwa kwa pampu hapa Kisumu, mpira mweusi haukuonyeshi kitu. Na mpira kuwa mgumu si ushahidi: koki ikifungwa kule mbele, bado utajaa.

Baada ya pampu, kata mpira uunganishe kipande cha sentimita 15 kinachoonyesha ndani, klipu kila upande. Ndani yake, funga uzi mwekundu wa nailoni upande maji yanakoingia. Ukinyooka, yanapita, ukilegea, yamesimama. Uwe mfupi kuliko kipande, la sivyo utanasa kwenye kiungio. Funika kipande kwa kitambaa, jua lisikioteshe mwani wa kijani.

Ukitaka pia kujua kiasi cha maji, sensa ya YF-S201, kifaa chenye gurudumu dogo linalozungushwa na maji, hutoa mipigo ya umeme kama 450 kwa lita, ila takataka za ziwa hukwamisha gurudumu lake; tanguliza chujio. Hakiki hesabu ya sensa kwa kujaza jerikeni ya lita 20.