Kinacholiua garimoshi la mvuke ni masizi na maji

Watu wakikabidhiwa garimoshi kuukuu walitunze, hukimbilia rangi. Hili la mizigo, lenye magurudumu manane ya kuvuta, nililianzia kwenye sanduku la moshi, chumba cha mbele ya boila chini ya dohani, maana huko ndiko chuma huliwa upesi. Reli ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ikitokea kusini, na makaa ya mawe ya Wankie (sasa Hwange, Zimbabwe) yakapandia njia hiyohiyo. Makaa ya mawe yana salfa. Masizi yake yakikaa makavu hayana neno; yakilowa hutoa asidi, na bamba la chini hutoboka kutoka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Hapa Lubumbashi mvua huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo kazi yote ya ndani niliiweka Agosti.

Kabla ya brashi, tazama amianto, yaani asbesto ya kuzuia joto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Hukaa chini ya mabati yanayoifunika boila, nyeupe kama unga ulioganda. Usiikwangue wala kuipuliza, na kitambaa puani hakizuii vumbi lake. Bati lilipopasuka niliilowesha kwa maji ya sabuni nikaziba ufa. Kuitoa ni kazi ya wenye vifaa vyake.

Masizi niliyachota kwa koleo hadi kwenye mshono wa chini, nyuma ya bomba la kutolea mvuke, ambako koleo halifiki bali mkono wenye glavu. Zilijaa toroli 6. Nikasugua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa maji ya magadi ili kuua asidi, nikakausha siku ileile kwa mbabula (majiko) 2 za makala, yaani mkaa wa kuni. Mlango na dohani viwe wazi, na mtu asiingie mpaka mbabula zitoke na hewa ipite: gesi ya makala haionekani wala hainuki, na inaua. Kisha nikapaka mafuta mapya ya mota. Yaliyotumika yana asidi, usiyapake. Dohani niliifunika kwa bati lililoinuliwa sentimita 5. Ukiiziba kabisa, chuma hutoa jasho usiku.

Kwenye boila nilifungua vizibo vya chini vya kuoshea. Kuta za tanuri zinapokutana na boila kwa chini, chokaa ya maji hujikusanya na kushika unyevu miaka na miaka. Niliikwangua kwa nondo iliyopindwa, nikaosha, nikakausha, nikaacha matundu wazi yenye wavu wa kuzuia nyigu. Mtu akitaka iwashwe kidogo tu kwa sherehe, mkatalie. Boila ambayo haijakaguliwa na kupimwa kwa shinikizo la maji ni bomu.

Kazi iliyokula muda ni silinda. Pete za pistoni hushikana na ukuta kwa kutu. Ukilikokota garimoshi hivyo, magurudumu yanageuka, pistoni inakataa, na mkono wa chuma unaounganisha pistoni na gurudumu unapinda au pete zinavunjika. Nilitenganisha kwanza mkono mkubwa na gurudumu, nikafungua koki za chini maji yatoke, nikazifunga, kisha nikamimina mazutu (dizeli) na mafuta ya giaboksi, nusu kwa nusu, pande zote mbili za pistoni. Siku 10, nikiongeza kila jioni. Ndipo nikafungua kifuniko cha mbele na kusukuma kwa kriki (jeki) ya tani 20 iliyoegemezwa kwenye gogo gumu: milimita chache mbele, kisha nyuma. Ukilazimisha upande mmoja tu, pete hukwaruza ukuta. Silinda ya kushoto iliachia siku ya tatu ya kusukuma. Ya kulia ilidai siku 10 nyingine za mafuta.

Masanduku ya ekseli hudanganya: juu unaona mafuta, chini yamekaa maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta. Nilinyonya yote kwa mpira mwembamba, nikajaza upya. Filimbi, mita na koki za shaba nilizifungua, nikazifunga vibandiko na kuziweka chini ya kufuli, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali.

Rangi ilikuja mwisho. Mikono ya magurudumu haikupakwa rangi, ilipakwa grisi tu, na kila Mei garimoshi linasogezwa robo mzunguko wa gurudumu.