Tazama minazi imelalia wapi

Mimi ni fundi paa hapa Tanga, na kazi yangu nyingi huja baada ya upepo. Simu inaita alfajiri, mtu ananiambia bati zimeondoka, njoo. Nikifika, kabla sijatoa futi mfukoni, huwa natembea kwanza. Nazunguka nyumba, natafuta bati zilikoangukia, natazama minazi na mihogo imelalia upande gani. Wateja wengine wanaona nawapotezea muda na wingu bado limefunga. Lakini usipofanya hivyo hutajua nyumba ilipigwa na upepo wa namna gani, wa kawaida au tonado, yaani nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi kutoka wingu hadi ardhini, na ukishafyeka matawi na kukusanya bati, hutajua tena.

Mara nyingi nakuta miti yote imelalia upande mmoja, au imetawanyika kutoka mahali pamoja kwenda nje. Huo ni upepo ulioshuka kutoka kwenye wingu: hewa iliyopoa inaporomoka pamoja na mvua, inagonga ardhi, inasambaa. Unaweza kuezua mtaa mzima.

Mwaka juzi, masika yakianza, niliitwa kijiji kimoja njia ya Pangani, na pale nikakuta jambo jingine. Uharibifu ulikuwa ukanda mwembamba tu uliokatiza mashamba. Pembeni ya ukanda ule mpapai ulikuwa umesimama na mapapai yake. Ndani yake, minazi ya upande huu na ya upande ule imelala ikielekeana, vichwa kwa ndani. Bati moja lilikuwa limejikunja kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, na jenzake lilikuwa mbele, ng'ambo ya njia. Upepo unaokwenda mbele tu hauwezi kutupa bati za paa moja pande mbili namna ile.

"Mwanangu," akaniambia mama mwenye nyumba, "nilimvuta mjukuu tukaingia uvunguni. Tulipotoka, paa hakuna, na jua linawaka." Majirani walisema jini kapita. Kwenye habari ikawa kama kawaida: upepo mkali ulioambatana na mvua umeezua mapaa. Kwa alama zile, mimi naamini ilikuwa tonado, ndogo, ya dakika chache.

Najua wapo watakaosema Tanga hakuna tonado. Ni kweli ni nadra. Tonado kubwa huzaliwa pale upepo wa chini na upepo wa juu unapotofautiana sana kwa kasi na mwelekeo, hata wingu zima la radi likaanza kuzunguka. Marekani hali hiyo ni ya kila mwaka, na wanahesabu tonado kama 1,200 kwa mwaka. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na huku pepo za juu kwa kawaida ni dhaifu. Lakini iko namna nyingine isiyohitaji wingu linalozunguka. Mchana upepo wa baharini unaingia, unakutana na upepo wa bara, na pale zinapogongana hewa inajisokota chinichini. Likitokea wingu linalokua kwa haraka juu yake, linauvuta ule mzunguko kwenda juu, unarefuka, unakuwa mwembamba, unaongeza kasi. Ukitokea majini ndiyo ile nguzo ya maji ambayo wavuvi huiona ikining'inia kutoka wingu hadi baharini. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanaifahamu sana. Chamchela ya vumbi ni kitu kingine, hiyo inainuka na joto la ardhi siku ya jua, bila wingu lolote.

Na wala si kimbunga cha bahari, ingawa watu wanavichanganya. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na Mamlaka ya Hali ya Hewa hukifuatilia siku kadhaa kabla hakijafika, kama tulivyofuatilia Hidaya kikielekea Mafia mwezi Mei 2024. Hicho nacho watu walidai hakiji kwetu, na Aprili 1872 kilivunja Unguja na Bagamoyo, majengo ya misheni yakiwemo. Tonado haikupi siku. Ukibahatika inakupa dakika.

Mtu niliyejifunza kwake kutazama miti ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Sikumfahamu ila kwa kusoma habari zake, na namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Mwaka 1945, akiwa kijana, alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza mabaki baada ya mabomu, akaona jinsi mlipuko ulivyoangusha miti kutoka mahali pamoja kwenda nje. Miaka mingi baadaye, akipita kwa ndege juu ya misitu iliyoangushwa na dhoruba, aliiona alama ileile, na ndipo akaeleza ule upepo unaoshuka kutoka mawinguni. Mwaka 1971 akatoa madaraja ya tonado, F0 hadi F5. Hakupima upepo wenyewe, kwani chombo kikiingia humo hakibaki. Alitazama kilichovunjika, kikavunjika vipi, akakadiria kasi. Hiyo ni kazi ya fundi kabisa.

Madaraja hayo yalirekebishwa Marekani mwaka 2007. Daraja la chini kabisa linaanzia kilomita 105 kwa saa, na la pili linaishia 177. Tonado nyingi duniani ziko humo. Sasa, kwenye kasi hizo, paa lililofungwa vizuri lina nafasi ya kubaki, na lililopigwa misumari tu linaondoka.

Kwa hiyo unadra si sababu ya kujenga ovyo. Mthatha, Afrika Kusini, Desemba 1998, tonado ilipita mjini Mandela akiwa ndani ya duka la dawa, walinzi wake wakamkinga kwa miili yao. Tongaat, karibu na Durban, Juni 2024, ikaua watu kadhaa. Moravia kule Ucheki, Juni 24, 2021, vijiji vya watu wasiozoea kabisa jambo hilo viligeuzwa kifusi, watu 6 wakafa. Ile ya Ucheki ilikuwa F4, na kwa nguvu hiyo sidai kwamba waya ninaofungia paa ungesaidia. Nazungumzia zile ndogo, ambazo ndizo zenye uwezekano wa kutufikia.

Nyumba ya yule mama, kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zilikaa juu ya ukuta kwa misumari tu. Hakuna nondo iliyotoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa ukutani, kuzishika, hakuna waya. Baraza ilikuwa na paa refu lililo wazi mbele. Upepo ukaingia chini ya baraza, ukasukuma kwenda juu, na ule uliopita juu ya bati nao ukavuta. Paa lilinyanyuka na kenchi zake.

Nilipolirudisha, kila kenchi tuliifunga na kuikaza kwenye lenta, papi, mbao zinazopigiliwa bati, zikafungwa kwenye kenchi, na paa la baraza tukalitenga na la nyumba, ili likiondoka liondoke peke yake. Ukingoni tuliongeza misumari, maana upepo huanza kumenya bati kwenye kingo na pembe.

Na tafadhali, msifungue madirisha mkiona upepo unakuja, eti hewa ipite nyumba isipasuke. Nyumba haipasuki kwa hewa ya ndani. Ukifungua unauingiza upepo usukume paa kwa ndani. Funga kila kitu, ingia chumba cha katikati au bafu lenye kuta imara, mbali na vioo, watoto chini, kichwa umekifunika. Usikimbilie chini ya mwembe.

Ukipita upepo kwenu, kabla hamjasafisha, pigeni picha miti ilivyolala, andikeni saa na upande ulikotokea, mpeleke kwa watu wa hali ya hewa. Na kama unajenga sasa hivi, panda ngazi kabla bati hazijapigwa, utazame kila kenchi imeshikwa na nini pale inapokaa kwenye ukuta. Fundi akikwambia huku kwetu hakuna haja, mwambie afunge kwanza ndiyo umlipe.