Namba saba iliyokuwa bado inang'aa

Jumapili iliyopita binti yangu kagoma kupiga. Mwezi ujao anatimiza miaka kumi, ana kama mwaka hivi anajifunza gofu na wale watoto wenzake wa asubuhi, na siku zote ni mtu wa kukimbilia mpira, lakini siku hiyo kasimama pale kwenye tii nyekundu, zile sehemu za kuanzia zilizo mbele karibu na shimo, fimbo kaikumbatia kifuani, anasema hapigi mpaka aanzie kule nyuma kwenye nyeupe. Kisa kuna mtoto wa kiume kamwambia nyekundu ni za wanawake na wazee waliochoka. "Baba, kwani ni kweli?"

Nikamjibu harakaharaka kwamba ile ni rangi tu mama, piga twende, watu wanasubiri nyuma. Akapiga. Ila mimi tangu siku hiyo Mzee Injinia hanitoki kichwani.

2008. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kedi, nabeba mfuko wa Injinia Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi. Yeye alikuwa na sabini na moja. Mtu wa reli, gofu alijifunzia Nairobi enzi za East African Railways, na jumuiya ilipovunjika 1977 akarudi nyumbani Dar na fimbo zake na hesabu zake za yadi kichwani. Hizo hesabu ndo zilikuwa tatizo. Alikuwa ananiambia, kijana, mimi draiva yangu ni yadi 240, yani fimbo yake ya mkwaju wa kwanza inafikisha mpira huko, na hakuwa anadanganya, ila zile 240 zilikuwa za mtu wa miaka thelathini na tano, tena Nairobi, juu kule mita kama 1,700 ambako hewa ni nyepesi na mpira unakwenda wenyewe. Huku kwetu pwani hewa nzito, na mvua za vuli zikishanyesha mpira ukitua umekwama hapohapo hautambai hata hatua mbili. Mimi ndo nilikuwa naenda kuuokota. Nilikuwa nahesabu hatua kimoyomoyo kutoka tii mpaka mpira ulipo, na siku akiupiga vizuri kabisa ilikuwa 170, 175 basi.

Na alikuwa anaanzia nyeupe, uwanja mzima kama yadi 6,300.

Ngoja niwaeleze hiyo maana yake nini kwa asiyecheza, manake watu wanadhani tii za mbele ni kupendelewa. Chukua shimo letu la nne, pa 4, yani la mikwaju minne, kutoka nyeupe yadi 368. Yule anayepiga 250 akishapiga mpira wa kwanza anabakiwa na 118, anachukua fimbo fupi, anaupandisha juu, unashuka kwenye grini, pale kwenye majani mafupi penye shimo, anaputi mara mbili kuusukuma ndani, kwisha. Injinia akipiga 172 anabakiwa na 196. Hana fimbo ya kufika huko. Kwahiyo anachukua wudi namba tatu, fimbo ya masafa marefu, anapiga tena kwa nguvu zote, unafika hatua thelathini arobaini kabla ya grini, halafu weji, ile fimbo ya karibu, halafu kuputi. Shimo linalofuata hivyohivyo. Draiva, wudi, weji. Draiva, wudi, wudi, weji. Mashimo 18. Huyo mzee hakuwa anacheza mchezo mmoja na wenzake, walikuwa wanatembea pamoja tu.

Kedi anaijua habari ya mtu kwa kufuta fimbo zake. Wudi ya Injinia ilikuwa imechubuka usoni mpaka rangi ikaisha. Weji imekwaruzika. Lakini namba sita, namba saba na namba nane, fimbo za chuma za umbali wa kati, zilikuwa zinang'aa, ile mistari ya usoni bado mikali kama zimetoka dukani wiki hiyo, na seti alikuwa nayo miaka mingi. Nilikuwa nazifuta tu kwa sababu ni kazi yangu kufuta. Hazikuwa na udongo hata siku moja.

Sasa kuna Ijumaa moja mwezi wa kumi na moja, mvua ilipiga mchana mpaka wenzake wote watatu wakapiga simu hawaji. Injinia akaja. Saa kumi hivi mvua ikakatika, uwanja mtupu, tukaenda sisi wawili tu. Shimo la kwanza mikwaju saba. La pili saba. La tatu lile fupi akaweka mpira majini, na nikaona mkono wake wa kushoto unatetemeka akivaa glavu. Hakusema kitu. Tulipofika la nne akaanza kupanda kile kimlima cha tii nyeupe, na mimi miguu yangu ikakataa kumfuata. Nilibaki chini na mfuko.

Nikamwambia, "Samahani mzee. Leo hatuna mtu. Tupigie kule mbele."

Akageuka. Naomba mnielewe, kedi hamwambii mzee wa watu maneno kama hayo. Unamwambia upepo unatoka wapi, unamwambia yadi, ukiulizwa. Nilijua naweza kupoteza mfuko ule, na mfuko ule ndo ulikuwa unalipa chumba chetu na mama. Akaniangalia muda mrefu, halafu akaangalia nyuma kule klabuni. Mabati tu na ile miembe, hakuna mtu. Akashuka. Akatembea mbele yangu mpaka kwenye zile nyekundu bila kusema lolote, buti zake zinatoa mlio wa kunyonya kwenye majani yaliyolowa, na alipofika akachomeka kijiti chake chini taratibu kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

Draiva. Mpira ukaenda katikati, ukatua, ukakaa. Nikahesabu, 171.

Kutoka nyekundu lile shimo ni yadi 282. Kwahiyo mbele yake zilibaki 111 na mzee akanyoosha mkono nyuma bila kuangalia, kama siku zote, kusubiri wudi. Nikampa namba saba.

Akaiangalia. Akaigeuza uso wake juu, akapitisha kidole gumba kwenye ile mistari. Akaangalia grini. Mimi mpaka leo nikifumba macho naiona ile grini, imelowa, jua la jioni limetoka chini ya mawingu likaipiga kwa ubavu, bendera imeshikana na mlingoti wake, na upande wa kulia ile bunka ndefu, shimo la mchanga, imejaa maji ya mvua. Akasimama. Akatikisa nyonga kidogo kama alivyozoea. Akapiga, na sauti yake haikuwa ile ya wudi ya kugonga, ilikuwa kama mtu amekata kitu kibichi kwa kisu kikali, na mpira ukapanda. Miezi yote ile nambebea mfuko sijawahi kuuona mpira wake juu kiasi kile. Ulikaa angani, ukaivuka ile bunka kwa ndani kidogo, ukaangukia grini ukachimba kishimo chake ukabaki hapo.

Hakushangilia. Alibaki kashika fimbo vilevile juu ya bega, kama anaogopa akiishusha mpira utarudi. Halafu akasema polepole, "Kumbe ile bunka ndo kazi yake."

Sikumwelewa. Akaniambia miaka yote hiyo anapita pembeni ya ile bunka na weji mkononi hajawahi kuifikiria, kwake ilikuwa shimo la mchanga tu, hakujua kwamba aliyechora uwanja aliiweka pale kwa ajili ya mpira wa pili, umuulize mtu, unathubutu au unazunguka kushoto. Leo ndo kaulizwa. Akanirudishia namba saba ina udongo, na kipande cha jani kimeganda usoni, na mimi nikaifuta. Akaputi mbili. Nne. Pa.

Yaliyobaki ya siku hiyo siyakumbuki sana, najua tulimaliza giza linaingia na alikuwa anaongea njia nzima, habari za mabehewa, habari za Nairobi, habari za marehemu mke wake.

Kesho yake Jumamosi wenzake wote watatu wapo. Mimi na ujana wangu nikabeba mfuko moja kwa moja mpaka kwenye nyekundu za shimo la kwanza nikauweka chini. Mmoja akacheka akasema Injinia sa hizi unacheza na mama zetu? Mwingine akasema hapana, hendikapu yake, ile mikwaju anayopunguziwa, ni ya nyeupe, akianzia hapo anatuibia mikwaju. Injinia akasema tu, "Kijana, rudisha mfuko nyuma." Nikaurudisha. Akapiga mikwaju 108 siku hiyo, na mashimo matatu ya mwisho alikuwa anapumua kwa mdomo.

Lakini Ijumaa iliyofuata akaja peke yake. Na nyingine. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima, Ijumaa nyekundu mimi na yeye, Jumamosi nyeupe na wenzake. Zile za Ijumaa alikuwa anaandika kwenye kidaftari cha pembeni anakiweka mfuko wa ndani wa koti, na aliniambia mara moja tu, haya ni yetu. Sikumwambia mtu. Magoti yalipomkataza kabisa akaacha uwanja wote, wenzake wakabaki wanakumbuka mzee wa 108. Mimi nilimwona akipiga 86.

2011 USGA, chama cha gofu cha Marekani, na PGA ya huko, chama cha wanagofu wa kulipwa, wakaja na kampeni yao ya Tee It Forward, kwamba mtu achague tii kwa urefu wa draiva yake, asichague kwa umri wala jinsia. Niliikuta ile jedwali kwenye gazeti la gofu mtu kaliacha klabuni. Anayepiga 250 acheze uwanja wa yadi 6,200 mpaka 6,400. Anayepiga 200, 5,200 mpaka 5,400. Nikateremsha kidole mpaka 175. Yadi 4,400 mpaka 4,600. Nikakaa chini. Manake nyekundu zetu zilikuwa kama 5,200, kwahiyo hata zile nilizompeleka kwa kuiba zilikuwa bado ndefu kwake. Na ile hoja ya kuiba mikwaju nayo haina miguu, kila tii inapimiwa ugumu wake, ukisogea mbele unapewa mikwaju michache, na tangu 2020 mfumo wa hendikapu ni mmoja dunia nzima na nyekundu zinaweza kupimwa kwa wanaume vilevile kama kwa wanawake. Maneno kama hayo ningetamani kuwa nayo mbele ya yule bwana siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuyajua.

Ninachokirudiarudia ni ile Jumamosi. Ningemuuliza kwanza pembeni, mzee leo tunaanzia wapi, pengine angewaambia mwenyewe kwa maneno yake na wangemsikiliza. Au pengine zile Ijumaa zilikuwa nzuri kwa sababu hakuna aliyezijua. Sijui. Nimejaribu kuligeuza huku na huku.

Jana usiku nikamweleza binti yangu habari yote hii, na bunka, na namba saba. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza, "Wewe baba draiva yako ngapi?" Kabla ya ile ajali ya bodaboda nilikuwa nafika 250 bila shida. Bega halikurudi sawa. Nikamwambia 205. Akanyamaza kidogo, mtoto wa hesabu huyu, akasema, "Sasa mbona unaanzia nyeupe?"

Jumapili hii tunaanza saa moja na nusu, tuko wanne, wote wa nyeupe, watu ninaocheza nao miaka sita sasa. Kuna mmoja wao ana sitini na nane, na juzi nilimsaidia kupanga mfuko wake kwenye gari. Namba saba yake inang'aa. Simu ninayo mkononi hapa tangu jioni, nimeandika ujumbe nimefuta mara mbili.